Sura ya Sita: Kuhamisha Mashine ya Kufulia Katika Banda la Gari

Miongoni mwa maswali ambayo wenye nyumba katika mitaa ya Mwanga, Gungu, Katubuka na Bangwe mjini Kigoma hawachoki kuwauliza mafundi bomba, limo moja ambalo kwa sura yake ni jepesi, lakini likijibiwa kwa pupa huzaa taabu ya miaka: “Fundi, mashine hii ya kufulia nataka itoke pembe hii ya banda la gari ikakae upande wa pili, si kazi ya kurefusha mpira tu?” Muulizaji ana haki ya kuuliza, na aghalabu ana sababu njema. Yamkini aila imejaaliwa gari, na banda ambalo kwa muda mrefu lilikuwa ghala na chumba cha kufulia sasa halina budi kurudia kazi lililojengewa. Au mvua, ambazo pande hizi huanza mwishoni mwa mwaka na kuendelea hata mwezi wa Mei, hupiga kutoka upande wa mlango na kuilowesha mashine na nyaya zake. Au pembe ya zamani ni finyu kiasi kwamba anayefua hujipinda mgongo kila akitoa nguo.

Jibu la sura hii ni kwamba kinachoamua mahali pa mashine ni maji yanayotoka, wala si maji yanayoingia. Maji safi yana msukumo. Yatapanda ukuta, yatapita juu ya mlango, yatazunguka pembe tatu na kufika yanakotakiwa. Maji machafu, yakishasukumwa na pampu ndogo ya mashine kwa kimo cha mita moja hivi, hayana wa kuyabeba isipokuwa mteremko. Kwa hiyo anayetaka kuhamisha mashine yake na aifuate safari ya maji kinyumenyume: aanzie mwisho wake, kwenye shimo la maji taka, arudi nyuma kidogo kidogo hadi ndani ya banda, na pale bomba litakapofika kwa mteremko wa haki ndipo mashine ikae, hata kama si pale macho yalipopachagua kwanza.

Kutoka ufukweni hadi bandani

Kufua kwa mashine ni jambo jipya katika mji huu, ilhali kufua ni jambo la kale. Tangu Ujiji ilipokuwa kituo cha mwisho cha misafara iliyotoka pwani, na hata leo katika fukwe za Kibirizi na Ujiji, nguo zimefuliwa ziwani, juu ya mawe, na wanawake waliosimama majini hadi magotini. Kazi hiyo ina uzuri wake wa maongezi na jua, walakini ina madhara ambayo hayafai kufichwa: ugonjwa wa kichocho, uletwao na vijidudu vinavyotoka kwa konokono wa majini na kupenya ngozi ya mtu, umo katika fukwe za Ziwa Tanganyika, na anayesimama majini kila juma ndiye anayeupata kwa wepesi. Maji ya bomba, ambayo mamlaka ya maji ya mji, KUWASA, huyavuta kutoka ziwa lilo hilo na kuyatibu kabla ya kuyagawa, yaliiondoa kazi ile majini na kuileta uani. Umeme, ambao kwa miaka mingi hapa ulitoka katika jenereta za dizeli kabla ya mkoa kuunganishwa na gridi ya taifa, uliiingiza kazi ile chini ya paa. Na kwa kuwa nyumba zetu hazikuchorwa pamoja na chumba cha kufulia, paa lililopatikana lilikuwa la banda la gari.

Ndiyo maana mashine nyingi zimewekwa mahali palipopatikana badala ya mahali palipofikiriwa. Kuhamisha ni nafasi ya kufikiri kwa mara ya kwanza.

Maji yanayotoka

Mashine inayojiendesha yenyewe, ile ya mlango wa mbele, hutumia takriban lita 50 kwa fuo moja, na ile inayofunguliwa juu aghalabu hutumia mara mbili ya hizo au zaidi. Maji hayo hayatoki kwa upole. Pampu huyatupa kwa kishindo, mara nyingi zaidi ya lita 15 kwa dakika, yakiwa na povu, mchanga na nyuzi za nguo. Ili kuyapokea vinahitajika vitu vitatu, na kila kimoja kina maana yake.

Cha kwanza ni bomba la wima, yaani kipande cha bomba kinachosimama ukutani nyuma ya mashine, mdomo wazi juu, ambamo mpira wa kutolea maji huning'inizwa. Upana wake usipungue milimita 40, na milimita 50 ni bora zaidi, maana bomba jembamba litashindwa kumeza na maji yatafurika sakafuni. Mdomo wake uwe kati ya sentimita 60 na mita moja kutoka pale mashine inaposimama. Wako wanaodharau kimo hiki, wakautupa mpira chini, ukapita chini ya mlango hadi uani, na kwa hakika hilo ndilo kosa linaloonekana zaidi katika mabanda yetu. Matokeo yake ni haya: mwisho wa mpira ukiwa chini kuliko maji yaliyomo ndani ya mashine, maji hujivuta yenyewe na kutoka, hata pampu isipofanya kazi, mashine huingiza maji huku yakitoka, ikangoja kujaa na isijae, na mita ya maji ikahesabu usiku kucha. Mwenye nyumba hudhani mashine imeharibika, akaita fundi wa mashine, akalipa, ilhali dawa ilikuwa kuuinua mpira tu. Kadhalika mpira usizibwe kwa gundi wala tepu ndani ya mdomo wa bomba. Nafasi ya hewa iliyobaki pembeni ndiyo inayozuia mvuto huo, na ndiyo inayozuia maji machafu yasinyonywe kurudi kwenye nguo.

Cha pili ni trapu. Hiki ni kipande cha bomba kilichopindwa kama herufi U, ambacho hubakiza maji kidogo ndani yake kila baada ya matumizi, na maji hayo yaliyobaki huwa kizuizi: harufu ya shimo, na mende wanaopanda kutoka shimoni, haviwezi kupita. Kimo cha sentimita 5 hadi 7 za maji kinatosha. Nyumba yenye bomba la wima lisilo na trapu ni nyumba iliyolifungulia shimo lake la maji taka dirisha.

Cha tatu ni mteremko, na hapa naomba uvumilivu wa msomaji, maana hapa ndipo kazi nyingi huharibikia. Bomba la maji machafu lenye upana wa milimita 50 lataka kushuka sentimita 2 na nusu kwa kila mita moja ya urefu. Likishuka kidogo kuliko hivyo maji hutembea polepole, povu na mchanga huachwa njiani, na baada ya miezi kadhaa bomba huziba.

Tuchukue banda la mfano, lenye upana wa mita 3 na urefu wa mita 6. Mashine sasa imeegemea ukuta wa upande wa jikoni, na nyuma ya ukuta huo, mita moja nje, ipo chemba, yaani kisanduku cha zege chenye kifuniko ambamo mabomba ya nyumba hukutana kabla ya kwenda shimoni. Mwenye nyumba anataka mashine ikae ukuta wa pili, unaoelekea kwa jirani. Akilipitisha bomba chini ya sakafu, moja kwa moja, safari yake ni mita 4, na kushuka kwake ni sentimita 10. Bomba lenyewe lina unene wa sentimita 5. Kwa hiyo mfereji utakaochimbwa utafika kina cha sentimita 15 au zaidi upande wa chini, ilhali zege la sakafu ya banda aghalabu halizidi sentimita 10. Itabidi kulikata zege lote, kuchimba udongo chini yake, na kutoboa msingi wa ukuta wa jikoni ambao unabeba nyumba. Hapa ndipo fundi mwenye haraka hupunguza mteremko ili asichimbe sana.

Njia iliyo bora, kwa maoni yangu, ni kuiacha sakafu salama. Toboa ukuta wa nje nyuma ya mashine, kimo cha sentimita 20 au 30 juu ya sakafu, trapu ikae ndani juu ya sakafu ambako itaweza kusafishwa, na bomba litoke nje, lishuke, lizunguke nyuma ya banda chini ya ardhi hadi kwenye chemba. Ikiwa mzunguko huo ni mita 9, kushuka kwake ni sentimita 22 na nusu, na katika mji uliojengwa juu ya vilima kama wetu, uwanja wenyewe mara nyingi hukupa kimo hicho bila taabu. Uwanja ukikunyima, yaani chemba ikiwa juu kuliko bomba litakapofika, usilazimishe: inua mashine juu ya jukwaa la zege, au ubadili ukuta.

Kwa ufupi, kabla ya tindo kugusa ukuta, mwenye nyumba na apate majibu ya haya:

- Chemba iko wapi, na mdomo wake wa kuingilia uko kina gani?
- Njia ya bomba ni mita ngapi, nayo ikizidishwa kwa sentimita 2 na nusu hutoa kimo gani?
- Je, mashine mahali pake papya itakuwa juu kuliko chemba kwa kimo hicho?

Maji haya yaishie wapi?

Nyumba nyingi za Kigoma na Ujiji hazikuunganishwa na mfereji mkuu wa maji taka. Zina mashimo yake. Penye shimo lenye vyumba viwili, ambamo uchafu mzito hutuama na maji kusonga mbele, maji ya kufulia yaweza kuingizwa humo, kwa sharti kwamba dawa kali za kung'arisha nguo nyeupe zitumiwe kwa kiasi, kwa sababu zinawaua wadudu wadogo wasioonekana ambao ndio wanaoumeng'enya uchafu wa shimo. Lakini penye shimo dogo la choo, lililochimbwa miaka iliyopita kwa ajili ya aila ndogo, lita 200 za ziada kila juma zaweza kulijaza kabla ya wakati wake. Hapo yafaa kuchimbwa shimo la kunyonya, yaani shimo lililojazwa mawe ambalo hupokea maji ya sabuni na kuyaachia ardhi pole pole. Liwe mbali na misingi ya nyumba, na ikiwa jirani ana kisima, liwe mita 30 kutoka kisima hicho au zaidi. Mdomoni mwa bomba fungeni chujio la kushika nyuzi za nguo. Nyuzi ndizo zinazoziba mawe.

Kabla ya kuchimba shimo kubwa, jaribu ardhi. Chimba kishimo cha sentimita 30, kijaze maji, kiache usiku mmoja, kijaze tena asubuhi na utazame. Maji yakishuka vema ndani ya saa moja, ardhi inakunywa. Yakisimama pale pale, tafuta mahali pengine. Na jaribio hili lifanywe majira ya mvua, mathalan mwezi wa Aprili, wala si Agosti ambapo kila udongo hujidai una kiu.

Walio karibu na ufuko wana neno lao la pekee. Ziwa Tanganyika halikai mahali pamoja. Mlango wake mmoja wa kutokea ni mto Lukuga, upande wa Kongo, na katika miaka ya 1870 mlango huo, uliokuwa umezibwa na matope na majani, ulizibuka, maji yakashuka kwa mita kadhaa katika miaka iliyofuata, hata mahali pa Ujiji ambapo Stanley alikutana na Livingstone mwaka 1871 leo pako mbali na maji. Na katika miaka hii iliyoanzia 2020, ziwa limepanda tena, likaingia katika majengo ya ufukweni, Kigoma na Bujumbura zikiwamo. Ziwa likipanda, maji ya chini ya ardhi hupanda pamoja nalo. Shimo la kunyonya ambalo lilikuwa kavu miaka kumi iliyopita hujaa kutoka chini, na maji ya mashine hukosa pa kwenda. Kwa mwenye nyumba ya bondeni ushauri wangu ni mmoja: shimo liwe pana na la kina kifupi, lisiwe refu la kwenda chini kuyafuata maji.

Sasa ipo njia ya mkato inayowavutia wengi, nayo ni kuuelekeza mpira kwenye mtaro wa mvua ulio mbele ya nyumba. Mtaro huo hauna mwisho mwingine ila ziwani. Watu husema ziwa ni kubwa. Naam, ni kubwa, lina kina cha mita 1,470 na hakuna ziwa linalolishinda kwa kina duniani isipokuwa Baikal la Urusi. Lakini ukubwa huo ndio unaopaswa kututia hofu. Maji mengi ya ziwa hili huondoka kwa kugeuka mvuke, na ni machache tu yapitayo Lukuga kuelekea mto Kongo, kwa hiyo uchafu ulioingia ni kama hauna njia ya kutoka. Maji hupanda angani na kuuacha. Fauka ya hayo, maji ya kina kirefu hayana hewa ya kuvutwa na samaki, na uhai wote tunaoutegemea, dagaa na migebuka, umo katika tabaka la juu, na samaki wengi wadogo wa mawe, ambao hawapatikani popote pengine ulimwenguni, huishi kandokando ya ufuko, pale pale mitaro inapomwagia. Nchi nne zinazolizunguka ziwa, Tanzania, Burundi, Kongo na Zambia, zilitia sahihi mkataba wa kulihifadhi mwaka 2003 mjini Dar es Salaam, na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu zenye kuyadhuru mazingira ndani ya mita 60 kutoka ufukweni. Mkataba na sheria ni vitu vya serikali, lakini mpira wa mashine uko mikononi mwa mwenye nyumba, na tena ziwa hilo ndilo ambalo bomba la maji safi la nyumba hiyo hiyo hunywea.

Maji yanayoingia

Hapa sitakawia, kwa kuwa kazi ni nyepesi kwa fundi yeyote mwaminifu. Funga koki kuu iliyo baada ya mita. Mita yenyewe na lakiri yake ni mali ya mamlaka, haiguswi. Kata bomba la zamani karibu kabisa na pale linapochipuka kutoka bomba kuu, usiache kipande kirefu kilichokufa ambamo maji yatalala na kuoza. Bomba jipya la plastiki ngumu, lile linalounganishwa kwa kuyeyushwa na moto, lipitishwe ukutani kwa vishikio, lisianikwe juani ambako hupasuka kabla ya umri wake. Mwisho wake iwe koki yenye meno ya inchi robo tatu, mahali mkono unapofika bila kuisogeza mashine, ili ifungwe kila baada ya kufua. Maana mpira wa mashine ukipasuka wakati watu hawapo, koki hiyo ndiyo pekee iliyobaki kuokoa vitu.

Lakini liko jambo moja ambalo linawapata wengi wenye matanki. Kwa kuwa maji ya mji hukatika, nyumba nyingi zina simtanki juu ya mnara mdogo, na mashine hupewa maji kutoka humo. Mashine nyingi zinazojiendesha zinataka msukumo unaolingana na safu ya maji yenye kimo cha mita 5 hivi. Tanki lililo juu ya mnara wa mita 3 halitoi msukumo huo, mashine huingiza maji kwa kudondosha, hatimaye husimama na kuonyesha alama ya hitilafu, hasa ikiwa kwa kuihamisha umeongeza urefu wa bomba na pembe zake. Kabla ya kuilaumu mashine, pima kimo kutoka kitako cha tanki hadi koki. Kikipungua, inua mnara, au weka pampu ndogo ya kusukuma. Mashine ya mapipa mawili, ile inayojazwa kwa mpira au ndoo, haina shida hii, na kwa nyumba yenye tanki la chini mimi naipendekeza bila kusita.

Maji ya ziwa letu ni magumu, yaani yamebeba madini, magnesiamu zaidi na kalsiamu kiasi, ambayo huizuia sabuni isitoe povu na huacha utando mweupe juu ya chuma kinachochemsha maji ndani ya mashine. Sabuni ya kipande ya mawese, ambayo ni fahari ya mkoa huu na inafaa sana kwa kufua kwa mkono, haifai ndani ya mashine, kwa sababu ikikutana na madini hayo hugandamana na kuziba mipira. Tumia sabuni ya unga ya mashine, ambayo tayari imetiwa cha kulainisha maji. Na kwa kuwa siku ya kuhamisha mashine iko wazi na mipira imefunguliwa, hiyo ndiyo siku ya kusafisha vichujio vidogo vilivyo kwenye midomo yake, na baada ya kuifunga upya kuiendesha tupu kwa maji ya moto pamoja na glasi ya siki nyeupe au maji ya ndimu yaliyochujwa, ili ule utando uyeyuke.

Umeme na petroli chini ya paa moja

Mashine yenye kuchemsha maji yaweza kuvuta wati 2,000, na kwa umeme wetu wa volti 230 hizo ni karibu ampea 9. Waya mwembamba wa kurefusha, ule wa kuchomekea taa na redio, hupata moto kwa mzigo huo hadi ganda lake kuyeyuka. Mahali papya panataka soketi yake yenyewe, waya wake kutoka kwenye kasha la swichi, na waya wa ardhini uliofika ardhini kweli, kupitia nondo ya shaba, kwa sababu chuma, maji na miguu mitupu hukutana hapa kila siku. Kazi hii aifanye fundi umeme mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji. Soketi iwe kimo cha mita moja au zaidi, kando ya koki, isiwe chini yake.

Katika mji wa mitumbwi ya injini na jenereta, madumu ya petroli hulala katika mabanda. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Hauruki juu, hutambaa sakafuni na kujikusanya penye mashine, ambayo swichi na mota yake zaweza kutoa cheche. Kanuni za ujenzi za Marekani hutaka vyombo vya namna hii ndani ya banda la gari viinuliwe inchi 18, yaani sentimita 45 hivi, kwa ajili ya sababu hiyo hiyo. Kwetu jukwaa la kimo hicho litaifanya mashine itikisike, kwa hiyo nasema wazi: madumu yahame. Yawe katika kibanda cha nje chenye hewa. Na jenereta isiwashwe ndani ya banda hata mlango ukiwa wazi, kwa sababu moshi wake una hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, inayoua mtu aliyelala chumba cha jirani.

Siku ya kuhamisha

Kila mtu wa Kigoma aijua meli Liemba, lakini si wote wakumbukao kwamba ni mashine iliyohamishwa. Iliundwa Papenburg, Ujerumani, kwa jina la Graf von Goetzen, ikafunguliwa vipande vipande, ikatiwa katika masanduku yapatayo 5,000, ikaletwa kwa bahari hadi Dar es Salaam na kwa reli hadi hapa, reli iliyofika mwaka 1914, ikaunganishwa na kushushwa majini mwaka 1915. Wajerumani walipoizamisha mwaka 1916 walizipaka injini zake grisi kwanza, na baada ya kuibuliwa mwaka 1924 ilisafiri tena mwaka 1927. Ilirudi kazini kwa sababu waliofungua na kuhifadhi walijua kwamba siku ya kuunganisha itakuja. Mtu anayefungua mipira miwili na waya mmoja hana udhuru wa kutotia alama.

Utaratibu wake ni huu:

1. Funga koki, chomoa plagi, fungua kichujio kidogo kilicho chini mbele ya mashine na uyakinge maji yaliyobaki.
2. Tia alama mpira wa kuingiza na wa kutoa, upige picha nyuma ya mashine kabla ya kuufungua hata mmoja.
3. Rudisha bolti za safari. Hizi ni bolti ndefu, aghalabu tatu au nne, zilizokuja na mashine, zinazolishika pipa la ndani lisiyumbe. Zikiwa zimepotea, lishindilie pipa kwa magodoro madogo au nguo.
4. Ibebeni watu wawili au watatu, ikiwa imesimama wima. Ya mlango wa mbele ina uzito wa kilo 60 hadi 80 kwa ajili ya jiwe la zege lililofungwa ndani yake.
5. Iwekeni juu ya jukwaa la zege la kimo cha sentimita 10 hadi 15, ambalo liwe limekauka juma zima kabla.
6. Ondoa tena bolti za safari. Mashine ikizungusha ikiwa nazo itarukaruka na kujivunja.
7. Weka pimamaji juu yake, mbele na kando, na uzungushe miguu yake hadi kitone kikae katikati.

Jukwaa lina kazi zaidi ya moja. Sakafu ya banda la gari hujengwa ikiinama kuelekea mlangoni ili maji ya mvua na ya kuoshea gari yatoke, na mashine iliyowekwa juu ya sakafu iliyoinama, ikizungusha nguo mara 1,000 au 1,200 kwa dakika, hutembea hadi ikang'oa mipira yake. Jukwaa husawazisha, huinua chuma kutoka majini kisishike kutu, na hutoa kimo kile cha mteremko tulichokitafuta. Mbele yake, upande wa gari, jengea kizuizi cha gurudumu, ili dereva aliyechoka asiigonge mashine usiku.

Fuo ya kwanza iwe bila nguo, na mtu asimame pale mwanzo hadi mwisho. Atazame kila kiungo kwa karatasi kavu. Atoke nje wakati pampu inatupa maji, ainue kifuniko cha chemba, ayaone yakifika. Fundi asilipwe salio lake kabla ya hapo.

Mdomo wa zamani

Mashine ikishahama, nyuma yake hubaki mdomo wa bomba la maji machafu ukutani, na mara nyingi huzibwa kwa kitambaa au mfuko wa plastiki na kusahauliwa nyuma ya rafu. Trapu isiyopata maji mapya hukauka. Katika kiangazi cha Kigoma, kati ya Juni na Septemba, majuma machache yatosha. Baada ya hapo shimo la maji taka na banda la gari huwa na hewa moja, na mende hupita kitambaani bila taabu. Kifuniko cha plastiki cha kiasi cha bomba hilo hupatikana katika maduka ya vifaa vya ujenzi pale Mwanga, na kukigandisha kwa gundi ni kazi ya dakika chache. Kigandisheni siku ile ile, kabla fundi hajafunga mfuko wake wa vyombo.